Shahidi wa Ukurasa wa 147

Kibeta,
Manispaa ya Bukoba.
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa Judica, binti wa kaka yangu,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini wewe, mumeo Buberwa na watoto mko salama huko Bergen, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimekwisha. Baba yako anasema siku hizi mnawasha taa saa tisa alasiri. Mtu anayeishi hivyo anahitaji kuombewa, na tunawaombea.

Sisi ni wazima. Goti langu la kushoto huuma mvua ikikaribia, kwa hiyo mwezi huu linauma kila siku. Baba yako anapumua vizuri tangu aache sigara, na duka lake la Kashai bado lipo. Anauza kidogo na kubishana juu ya mpira sana. Mama yako Annastella amevuna maharage, amekutengea debe moja ingawa hajui litakufikiaje. Senene walishuka Jumatano, panzi wengi kuliko mwaka jana, na Kibeta nzima inanukia mafuta yao.

Kitabu chako kilifika tarehe 20 Oktoba. Siku nne baadaye Datius Ishengoma, mhariri wa lile jarida la walimu, akanipigia simu kuniomba nikihakiki. Nilimwambia mimi ni shangazi wa mwandishi. Akasema, "Dada Theopista, nani mwingine Bukoba atasoma kurasa mia tatu na nane mpaka mwisho? Andika undugu wenu kwenye mstari wa kwanza, msomaji aamue." Nikakubali. Anauhitaji uhakiki kesho Jumatatu. Vyuo viwili vya ualimu vinasubiri kuusoma kabla ya kuagiza nakala, na mchapishaji wako anasubiri vyuo ndipo achape mara ya pili. Haya unayajua.

Usiyoyajua ni mambo mawili. La kwanza linaweza kukivunja kitabu chako. La pili linanihusu mimi. Nitayaandika kwa mpangilio yalivyotokea, kama nilivyozoea.

Kwanza kitabu chenyewe. *Kujifunza kwa Kuketi: Elimu ya Nyumbani katika Vijiji vya Muleba* ni kazi ya mtu aliyesimama mbele ya darasa, na hilo linaonekana toka ukurasa wa tisa. Yule kijana wa kidato cha pili aliyefeli hesabu za maumbo, na huku nyumbani anapanga mashimo ya migomba kwa macho bila kukosea hatua moja, hukumsoma maktabani. Ulimfundisha, ukashindwa, ukajiuliza kwa nini. Sura ya pili na ya tatu ndizo bora nilizosoma miaka hii kuhusu shule zetu. Sura ya nne ina majedwali kumi na saba, matano yangetosha. Nimeyaandika hayo yote.

Sura ya sita ndiyo moyo wa kitabu. Hapo unasema elimu ya nyumbani si njema yote, kwamba mtoto aliyeketi jikoni kwa wakubwa hujifunza pia kunyamaza, na ukimya huo huingia naye darasani, akaogopa kusema hata jibu analolijua. Hoja hiyo yote umeitundika kwenye shahidi mmoja, bibi Kemilembe, miaka themanini na mmoja, uliyemhoji Alhamisi ya tarehe 14 Julai 2022.

Mimi kitabu cha utafiti sikihakiki mezani tu. Nachagua mashahidi watatu, naenda kuwatafuta. Wawili wako niliwapata pale Muleba mjini, karibu na soko, na wote walithibitisha kila neno. Wa tatu nilimchagua Kemilembe. Sababu yake utaiona mbele.

Uliponitumia sauti ya mahojiano nilikuambia nataka kusikia Kihaya chake. Hilo lilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Niliisikiliza mara tatu, dakika arobaini na moja. Ni sauti ya mwanamke mzee, nzito kidogo, na kila anapokaribia neno kubwa hukohoa kwanza. Nilimfahamu Kemilembe nikiwa mtoto. Hivyo ndivyo alivyosema.

Jumanne ya tarehe 11 nilikwenda. Toka Muleba mjini ni kilomita tisa kwa pikipiki, kupanda. Ni kijiji chetu cha zamani, ambako babu yako alikaa kabla hatujahamia Kibeta. Sikuwa nimekanyaga hapo kwa miaka hamsini. Nyumba ya Kemilembe sasa ina bati, lakini iko pale pale, na kibanja kinaizunguka kama zamani, migomba imekaribiana kiasi kwamba saa nne asubuhi bado kuna giza chini yake.

Uani aliketi mwanamke kijana juu ya kigoda, anamenya ndizi. Nilikadiria miaka ishirini na mitano. Nikamwambia namtafuta Kemilembe.

"Ndiye mimi," akasema.

Nikadhani amepewa jina la bibi yake. Nikasema namtaka yule mzee. Akamaliza ndizi iliyokuwa mkononi, akafuta kisu kwenye jani, akaniongoza nyuma ya nyumba. Kati ya migomba palikuwa na kaburi la saruji. Msalaba ulisema: Kemilembe, 1941 hadi 3 Machi 2021. Juu ya saruji palikuwa na kipande cha jani la mgomba, na juu ya jani punje saba za kahawa ya kutafuna, kama anazopewa mgeni.

"Nilizikwa hapa," akasema. Alisema kama mtu anavyokuonyesha shule aliyosoma.

Nilitoa daftari nikaandika tarehe. Toka tarehe 3 Machi 2021 hadi tarehe 14 Julai 2022 ni mwaka mmoja, miezi minne na siku kumi na moja. Shahidi wako mkuu, Judica, alikuwa amekufa siku uliyomhoji. Na umri aliokutajia haukuwa umri aliofia. Alikuwa ameendelea kuhesabu.

Tuliporudi uani akaingia mzee mmoja, nywele nyeupe kabisa, fimbo mkononi. Ni Mugisha, mdogo wa marehemu mume wa Kemilembe, ana miaka sabini na sita. Alivua kofia mbele ya yule msichana.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekuja na koo kavu tena?"

"Tangu Jumapili umeninyima rubisi."

"Umenyimwa na nani? Ulikunywa ya Jumapili, ukanywa na ya Jumatatu. Nilikuambia tangu mwaka wa vita, pombe itakuzika."

"Wewe usiyekunywa ndiye uliyezikwa kwanza!"

Wakacheka wote wawili, cheko la mashemeji waliotaniana miaka mingi. Vita anayoitaja iliisha mwaka 1979. Msichana yule, nilikuja kuambiwa, alizaliwa mwaka 1999.

Nilimwomba Mugisha anieleze, naye akaeleza bila haraka. Msichana ni mjukuu wa marehemu na alibatizwa Jovina. Kemilembe alikuwa na wajukuu tisa, na kabla ya kufa alimtaja huyo kuwa omusika wake, yaani mrithi. Siku ya kuondoa matanga walimvika kitenge cha bibi, wakamkalisha kwenye kigoda chake, wakampa kisu chake mkononi, na ukoo mzima ukapita mmoja mmoja kumsalimu kwa salamu za marehemu. Tangu saa hiyo yeye ndiye Kemilembe. Watoto wa marehemu, watu wazima wenye mvi, wanamwita mama. Ukimwita Jovina pale kijijini haitiki, si kwa kiburi. Haitiki kama wewe usivyoitika ukiitwa jina la jirani.

Kwetu babu yako aliiacha desturi hiyo alipohamia mjini, na wewe umekulia Kibeta, kwa hiyo hukuweza kuifahamu. Sasa kosa lako liko wazi. Mwaka ule ulikuwa na mimba, daktari akakuzuia kusafiri, ukachukua nambari kwa mtendaji wa kata, ukapiga simu. Uliuliza, "Naongea na Kemilembe?" Ukajibiwa, "Ndiye." Ukauliza umri, ukatajiwa. Kwa sheria ya ua ule hakuna aliyekudanganya. Lakini kitabuni hukuandika popote kwamba mahojiano yalikuwa ya simu. Umeandika "nilikaa naye". Hilo, mwanangu, ni kosa la mtafiti, na nimeliandika katika uhakiki bila kulipunguza.

Ningeweza kuishia hapo. Shahidi alikufa, aliyejibu ni mjukuu, ushuhuda uondolewe. Mhakiki yeyote angeandika hivyo na asingelaumiwa. Sura ya sita ingeanguka, na pengine kitabu nacho.

Lakini nilitoa simu yangu nikawachezea ile sauti, toka dakika ya ishirini na tatu. Kuku walikuwa wanachakura maganda ya ndizi. Mugisha alisikia maneno machache, akavua kofia mara ya pili.

"Ni Kemilembe," akasema.

"Yupi?" nikauliza.

"Kemilembe ni mmoja."

Nikamgeukia msichana. Sauti yake ni nyepesi, ya juu, haina kikohozi. Nikamwambia, "Hii si sauti yako."

Akasikiliza mpaka mwisho wa kipande kile. "Siku ile ilikuwa yangu," akasema, akachukua ndizi nyingine.

Sasa jambo la pili. Fungua ukurasa wa 147. Umeandika maneno yake hivi: "Palikuwa na msichana wa jirani. Alikuja kuniomba moto. Nilimpa kaa katika kigae cha chungu cha mama yangu, chungu kilichokuwa na ukingo mwekundu. Ghala la kahawa la baba yake likaungua, kaka yake akabeba kosa. Mimi nilimfundisha mtoto yule kunyamaza. Nilifundisha vibaya."

Msichana yule ni mimi, Judica. Kaka aliyebeba kosa ni baba yako, Avit.

Ilikuwa Novemba 1974, nina miaka kumi. Unajua kwamba zamani mwanamke wa Kihaya aliwakusanya senene, akawachambua, akawapika, lakini hakuwala. Nyumba nyingi zilikuwa zimeanza kulegeza. Ya babu yako bado. Nilificha kiganja kimoja cha senene kwenye nguo yangu. Moto wetu ulikuwa umezimika, na hata ungewaka nisingethubutu kuwakaanga nyumbani. Nikaenda kwa Kemilembe kuomba kaa. Hakuniuliza la nini. Nikajificha nyuma ya ghala, paa la nyasi, alasiri ya upepo. Niliona cheche ikipanda. Nilikimbia.

Baba yako alikuwa na miaka kumi na mitatu na ndiye aliyeachiwa ulinzi wa ghala. Alikuwa amekwenda kucheza mpira, na waliporudi naye walimkuta na kiberiti mfukoni. Akasema hakukiwasha. Alisema hivyo akipigwa, na akasema hivyo siku ya pili yake walipompeleka Biharamulo kwa baba mdogo kuchunga ng'ombe. Alikosa shule miaka miwili. Unajua mwenyewe alivyokuwa mkali kwenu kuhusu daftari na karo. Sasa unajua chanzo chake.

Jioni ile ile Kemilembe aliniita jikoni kwake. Kigae kilikuwa mkononi mwake. Alikuwa amekitoa kwenye majivu. Alikohoa, akasema: "Maadamu niko hai, neno hili halitatoka kinywani mwangu. Lakini lako lisikawie." Hatukuwa na mtu wa tatu. Mimi sikumwambia mtu, si padri, si mume wangu marehemu. Tulipohama nilishukuru.

Niliposoma ukurasa huo mara ya kwanza, hapa barazani kwangu, nilifunga kitabu nikaenda kunawa mikono. Nilidhani bibi amevunja ahadi uzeeni, na sikumlaumu. Ni pale kaburini, nikiwa na daftari, nilipoona kwamba hakuivunja. Aliishika kama alivyoitamka, hadi mwisho wa uhai wake na mwaka mmoja na miezi minne juu yake. Kisha akaongea, na aliyempigia simu alikuwa binti wa Avit.

Nilimuuliza msichana kama bibi yake alimwambia habari hiyo kabla ya kufa. Nilimuuliza mara mbili, kwa maneno tofauti, kama ninavyouliza mashahidi wote.

"Hakuniambia," akasema.

"Uliijuaje basi?"

"Mimi ndiye niliyekupa kaa."

Yule msichana aliingia ndani, akatoka na kigae, akakiweka juu ya maganda ya ndizi mbele yangu. Ukingo wake ni mwekundu. Nilikigusa. Ni kigae cha kawaida, kimechakaa, upande mmoja kina masizi. Inawezekana kilikuwa jikoni muda wote na habari yake ikapita toka bibi kwa mjukuu. Nimeliandika daftarini kama jambo linalowezekana. Sikupata mtu wa kulithibitisha.

Nilipoaga alinipa punje saba za kahawa kwenye jani.

"Umekawia," akasema.

Nina miaka sitini na mmoja. Katika kazi yangu ya uandishi wa habari nimehoji wauaji na mawaziri, na kila mmoja nilimsalimu kwa umri wake. Nilimwambia shikamoo msichana wa miaka ishirini na sita, akaitikia marahaba, na pikipiki ikanishusha Muleba.

Uhakiki nimeumaliza Ijumaa. Ndani yake nimesema wazi kwamba mahojiano ya sura ya sita yalifanyika kwa simu, kwamba aliyejibu ni mrithi aliyekalishwa mahali pa marehemu, na kwamba mwandishi aandike hivyo katika toleo la pili na aombe radhi kwa msomaji. Halafu nimesema kwamba ushuhuda wa ukurasa wa 147 ni kweli, neno kwa neno. Mhakiki anajua kwa sababu yeye ndiye aliyeomba moto. Nimeweka jina langu kamili. Usiondoe ukurasa huo, Judica. Rekebisha maelezo yaliyouzunguka.

Lakini nisingeweza kumwacha baba yako alisome jaridani. Jana Jumamosi nilikwenda dukani Kashai saa tisa na nusu. Mama yako alikuwa amempelekea bakuli la senene, na yeye alikuwa anakula akisubiri wateja. Nilikaa kwenye kreti la soda. Nilimweleza yote ya siku ile ya ghala kwa mpangilio huu huu: kiganja, kigae, upepo, kiberiti chake. Hakunikatiza. Alipangusa vidole. Kisha akauliza:

"Walikuwa watamu?"

"Nani?"

"Senene wako. Walikuwa watamu?"

Nikamwambia sikuwala. Waliungua pamoja na ghala.

Akasukuma bakuli upande wangu. Alisema, "Kula basi, mwizi." Nilikula. Hakusema amesamehe na mimi sikuuliza.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo simu yangu ilipoita. Niliangalia saa: kumi na dakika ishirini. Nambari nilikuwa nimeihifadhi. Ndiyo ile ile uliyopewa na mtendaji. Mikono yangu ilikuwa na mafuta, nikabonyeza spika. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, wala Datius, wala mama yako, kwamba ningekwenda dukani siku hiyo.

Kwanza kikohozi. Kisha ile sauti nzito, polepole, kwa Kihaya: "Haya. Sasa nimesikia." Simu ikakatika.

Baba yako aligeuka akanitazama, na uso wake ulikuwa wa mtoto wa miaka kumi na mitatu.

"Si mama Kemilembe huyo?" akauliza. "Kumbe bado yupo?"

Sikuwa nimemweleza habari za kaburi. Katika masimulizi yangu nilikuwa sijafika huko. Nilitafuta jibu sahihi, na hilo ndilo swali la kwanza katika miaka thelathini na moja ya kazi hii ambalo daftari langu halikunisaidia kulijibu.

Nikamjibu kwamba yupo.

Mama yako Annastella anakusalimu na anauliza habari ya debe la maharage. Jirani yetu Mariamu naye anakusalimu, amepata mjukuu wa kike. Mzee Mugisha, ambaye humjui, aliniagiza nikuambie kwamba shemeji yake anasema ulimhoji kwa adabu. Msalimie Buberwa, wabusu watoto, wavalishe soksi mbili mbili. Mungu awalinde mlipo, na wale waliotutangulia wasituchoke.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda bila kupunguza wala kuongeza,

Theopista